Tupeane uzoefu: mtu usiyemjua aliipataje namba yako, na alijuaje unapokaa?

Habari zenu wakuu.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kwenye ofisi moja pale Posta, katikati ya Dar, kufuatilia barua ya mdogo wangu. Getini mlinzi akanisogezea lile daftari: jina, unakotoka, unakwenda kwa nani, namba ya simu, sahihi. Kalamu imefungwa kwa uzi. Nikajaza kama ninavyojaza siku zote. Juu ya mstari wangu kulikuwa na watu kama ishirini wa asubuhi ile, majina na namba zao wazi kabisa, na nyuma yangu wamesimama wanne wanasubiri kalamu.

Saa mbili usiku ikaingia meseji: "Lile gauni la kijani lilikupendeza." Sikujibu. Kesho yake akaniita kwa majina yangu matatu, na la tatu, la babu, sikuliandika daftarini. Hapo nikaogopa kweli. Kaka yangu ni wakala wa pesa za simu, nikamuuliza, akanionyesha palepale kibandani: unaingiza namba ya mtu kama unataka kumtumia pesa, jina alilosajili laini linatokea kabla hujathibitisha. Unalisoma, unaghairi, hujapoteza hata shilingi. Yaani namba ikishatoka, na jina limeshatoka. Jina likishapatikana, mtu anaingia Facebook anakuta picha ya mwanangu na sare ya shule, nembo inasomeka. Mtaa ninaokaa hakuutafuta, niliuandika mwenyewe kwenye "unakotoka".

Nimeshamfungia, nimetoa taarifa kituoni na RB, namba ya taarifa ya polisi, ninayo. Picha za mtoto nimezitoa zote. Lakini bado nikisikia pikipiki inasimama nje usiku, naamka.

Naomba tupeane uzoefu. Sihitaji nadharia, nahitaji yaliyokupata wewe na unachofanya sasa hivi.

Mdada wa Kimara
Pole sana dada. Mimi ilikuwa bodaboda. Nilimlipa kwa simu, akaona jina na namba, na mlangoni kwangu alishanishusha. Meseji zikaanza usiku huohuo. Siku hizi nashuka dukani kwa Mangi, nanunua hata kiberiti, nasubiri aondoke, halafu natembea. Na nalipa keshi.

Fundi Umeme
Nilinunua karanga stendi. Kufungua karatasi, nakuta kivuli cha kitambulisho cha mtu: picha, jina, namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Yule kaka hana habari kwamba anafungiwa karanga. Ile namba ina tarakimu ishirini, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, mwaka, mwezi na siku. Nikaikumbuka stesheneri ninayotolea vivuli mimi, ukiharibika mmoja wanautupa kwenye boksi chini ya meza, na lile boksi wanaliuza kwa kilo.

Tangu siku hiyo kivuli kilichoharibika naondoka nacho. Na kila kivuli ninachompa mtu nakikatia mistari miwili kwa peni na kuandika katikati: "Kwa ajili ya kupanga chumba tu," na tarehe. Mwenye nyumba mmoja alinuna. Nikamwambia mzee, shikamoo yako iko palepale, ila karatasi yangu itakaa hivi.

Baba Wawili
Yangu inaniuma hadi leo. Nilikopa elfu hamsini kwa programu ya simu, mtoto alikuwa anaumwa. Wakati wa kuiweka iliuliza kama naruhusu isome majina kwenye simu yangu. Nikabonyeza ruhusu, nani anasoma pale ukiwa hospitali? Nilichelewa siku mbili. Wakamtumia meseji mama mkwe, bosi, mwalimu wa kwaya, hadi fundi aliyenichomelea geti: "Mwambie tapeli huyu alipe." Na picha yangu juu. Mama mkwe alipiga saa kumi na moja alfajiri, analia, anadhani nimeiba.

Deni nimelipa. Lakini kwaya sijarudi.

Karani Mstaafu
Baba Wawili, pole. Alichokufanyia huyo hakiruhusiwi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ambayo hayana leseni, tazama kama nayo imo. Na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume inayopokea malalamiko. Taarifa uliyochukua kwa kazi moja huna ruhusa ya kuipeleka kwenye kazi nyingine. Andika tarehe, hifadhi picha za zile meseji, omba na mama mkwe akutumie ya kwake. Usifute kitu kwa hasira.

Hata lile daftari la getini ni taarifa binafsi. Dada, nawe una haki ya kuiuliza ile ofisi nani analishika na linakaa wapi.

Bi Mkubwa wa Kisauni
Huku Mombasa kwenye kupamba, ile sherehe ya wanawake watupu ya bibi harusi, simu haziingii. Mlangoni kuna wasichana wawili na mfuko, watoa simu wapewa kikaratasi cha namba, watoka waichukua. Ndani wanawake twavua buibui, nywele wazi, bibi harusi amepambwa, na hakuna mwanamume atakayetuona. Mwaka juzi mmoja alificha ya pili, akarekodi. Asubuhi video imefika Lamu. Yule bibi harusi alikaa ndani miezi. Sasa kwetu wapekuliwa hadi mkoba, na mwenye kukasirika arudi kwao. Mtu akibisha hodi mara tatu asiitikiwe hurudi, hiyo kamera ilipiga hodi wapi?

Mzee wa Manzese
Wanangu, nami niseme. Mwaka jana presha ilinishusha sebuleni, mke hayupo. Aliyevunja mlango ni kijana wa bodaboda, kwa kuwa anajua kwangu na aliona sijatoka kwenye kiti changu cha nje tangu asubuhi. Mkijificha sana, siku hiyo nani atakuja?

Mwanzisha uzi
Shikamoo mzee. Hilo umelisema vizuri na nimelifikiria sana. Lakini kijana yule unamjua, kwao unakujua, na akikosea unajua umwendee nani. Huyu wangu ananijua mtoto, mtaa na gauni, mimi sijui hata sura yake. Majirani zangu nimewaambia yote, na mjumbe pia. Hao ndio nataka wajue kwangu.

Mdada wa Kimara
Wakuu, nimesoma hapa nikapiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa NIDA yangu. Ninazotumia ni mbili. Imeleta tatu.

Mwanzisha uzi
Andika hiyo ya tatu kwenye karatasi, usiipigie. Kesho asubuhi nenda duka la mtandao wenyewe, siyo kwa wale wanaosajili laini barabarani chini ya mwavuli, na kitambulisho chako, useme siitambui, ifungwe. Nipo Kariakoo hadi saa sita, ukitaka nikusindikize niandikie.