Tupeane uzoefu: mbinu gani ya kivinjari ilikuokolea kazi, muda au bando?

Karani wa Malaba (mwanzisha mada)

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni karani kwenye ofisi ndogo ya wakala wa forodha hapa Malaba. Kutwa niko ndani ya kivinjari: fomu ya tamko huku, barua pepe ya mteja kule, viwango vya fedha, orodha ya mizigo. Mwezi uliopita, kama saa tisa alasiri, nilikuwa na vichupo (zile kurasa unazofungua pamoja, “tabs”) zaidi ya 30 vimebanana juu ya dirisha hadi majina yake hayasomeki. Nikataka kufunga cha habari, nikafunga kile cha fomu niliyoijaza kwa dakika 40. Dereva wa lori la mitumba amesimama mlangoni ananitazama.

Kijana aliyekuja kujifunza kazi kwetu akanyoosha mkono, akabonyeza Ctrl, Shift na T kwa pamoja. Kichupo kikarudi. Sehemu ya maandishi ilikuwamo, sehemu ilipotea, lakini dereva alivuka kabla ya giza. Miaka 9 niko kwenye kompyuta na sikuwahi kuijua hiyo. Tangu siku ile maelezo marefu nayaandika kwanza kwenye Notepad ndipo nayanakili kwenye fomu, maana kichupo huweza kurudi kitupu, na mifumo mingine inakutoa nje ukikaa kidogo bila kugusa kitu.

Jingine alilonionyesha ni Ctrl na F, ya kutafuta neno ndani ya ukurasa. Kile kitabu cha ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, toleo la 2022, nilikuwa nakipitia ukurasa kwa ukurasa kutafuta kifungu. Sasa naandika 6309 na niko kwenye nguo kuukuu palepale. Ila angalia nukta: ndani ya kitabu kichwa kimeandikwa 63.09 na mstari wenyewe 6309.00.00, kwa hiyo ukikosa kwa namna moja jaribu nyingine. Na kama faili ni picha iliyoskaniwa, haitapata kitu hata neno likiwa mbele ya macho yako.

Naamini wengi wetu tunalipia kwa muda na kwa bando vitu ambavyo kivinjari kinavyo tayari. Hapa Uganda data ina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, kwa hiyo ukurasa unaopakuliwa mara mbili bila sababu ni hela yako. Leteni yaliyowatokea wenyewe. Mimi kila jioni nafuta historia na akiba yote ya kivinjari ili mashine ibaki nyepesi. Wenzangu mnafanyaje?

Fundi wa Mbale

Karani, hapo kwenye kufuta akiba kila jioni nakuomba uache leo hii.

Ile akiba ndiyo inayokupunguzia bando. Ukifungua tovuti mara ya kwanza, kivinjari kinaweka kwenye diski nembo, picha na mafaili ya mpangilio wa ukurasa. Kesho ukirudi, kinachukua yale yale ya kwenye diski na kuvuta mapya tu. Ukifuta jioni, asubuhi unavuta kila kitu upya, kwenye kila tovuti ya kazi, siku 6 za wiki.

Nilikuwa na mteja wa duka la vifaa vya ujenzi, bando lake la mwezi linaisha wiki ya tatu. Alishamshuku mfanyakazi wake kwamba anaangalia video. Nilipokagua nikakuta kompyuta ina programu ya usafishaji inayofuta akiba kila inapowashwa, na umeme wetu ukikatika mara 3 kwa siku, basi inafuta mara 3. Niliiondoa. Mwezi uliofuata bando lilifika mwisho wa mwezi, na yule kijana bado yuko kazini. Naikumbuka sana kwa sababu ya yule kijana.

Ukurasa ukionyesha mambo ya zamani au ukigoma, bonyeza kwanza Ctrl na F5. Hiyo inavuta upya ukurasa huo mmoja tu. Akiba yote ifute pale jambo linapokataa kabisa.

Uzito wa mashine unatokana na vichupo 30 kwenye RAM ya GB 4. Kama unatumia Chrome, bonyeza Shift na Esc uone kila kichupo kinakula kiasi gani. Utashangaa, mara nyingi ni kimoja au viwili, au ni kiendelezi, yaani programu ndogo ya ndani ya kivinjari, ulichoweka zamani ukakisahau. Chrome na Edge zina kipengele cha kulaza vichupo visivyotumika, kiko kwenye mipangilio ya utendaji. Kiwashe, lakini tovuti ya fomu iweke kwenye zile zisizolazwa.

Mwanafunzi, Wandegeya

Asante fundi. Mimi nilikuwa natumia hali fiche nikiamini haili bando. Ni kweli?

Fundi wa Mbale

Hapana dada, inakula zaidi. Dirisha la hali fiche linaanza na akiba tupu, na ukilifunga akiba hiyo inafutika. Faida yake ni kwamba kompyuta yenyewe haibaki na historia yako. Kampuni ya mtandao na mwenye Wi-Fi bado wanaweza kujua tovuti unazotembelea.

Mwanafunzi, Wandegeya

Basi nimeelewa. Langu ni dogo. Nikitafuta waraka wa serikali naandika site:go.ug ili zije tovuti za serikali tu, kisha filetype:pdf ili zije faili za PDF tu, halafu maneno ninayotaka. Zile blogu zinazorudia habari bila waraka wenyewe zinatoweka. Na jina la kitu likiwa na maneno mawili au matatu nayafunga kwa alama za kunukuu. Kwa tasnifu yangu, juma zima la kuzunguka liligeuka kuwa asubuhi moja.

Mama wa Duka, Kasese

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo.

Nina duka la kuchapa na kutoa nakala, kompyuta 2, wateja wa kila aina: wanafunzi, wafanyabiashara wanaovuka Mpondwe, watu wa kuomba kazi. Mwaka juzi binti mmoja alifungua barua pepe yake, kivinjari kikamuuliza kama kihifadhi nenosiri, akabofya ndiyo kwa haraka zake, akalipa akaenda. Kesho yake mtu mwingine akakaa kiti kile kile, akafungua tovuti ile ile, jina la yule binti na nenosiri vikajijaza vyenyewe. Bahati nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilihisi mwili wote umepoa. Kwenye barua pepe ile kulikuwa na vyeti vyake, kitambulisho, kila kitu.

Sasa mteja haligusi dirisha langu la kawaida. Nabofya ile picha ya wasifu juu kulia kwenye Chrome, nachagua Mgeni, dirisha jipya linafunguka. Akimaliza nalifunga lote, historia na nywila vinaondoka nalo. Kisichoondoka ni faili alizopakua! Hizo zinabaki kwenye folda ya vilivyopakuliwa, hata ukitumia hali fiche. Ilinichukua miezi kuligundua hilo, nikakuta barua za ajira na picha za pasipoti za watu. Sasa kila mteja akiinuka nafungua folda na kufuta mbele ya macho yake, kisha namwaga na pipa la taka. Wenye maduka kama langu, nawasihi, tazameni folda zenu leo.

Mwalimu, Nakivale

Mama wa Duka, heshima kwako.

Januari 2021 intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, nilikuwa na watahiniwa wa darasa la saba. Siku 5 hivi bila chochote. Walimu wenzangu waliotegemea kufungua mtandao asubuhi na kuandika ubaoni walikwama. Mimi nilikuwa na tabia iliyotokana na uhaba wa hela: nikipata mtandao mzuri nahifadhi kurasa za juma zima. Kwenye kompyuta ni Ctrl na P, halafu unachagua kuhifadhi kama PDF badala ya printa. Kwenye simu, Chrome, unabofya vidoti vitatu na ule mshale unaotazama chini, na ukurasa unasomeka baadaye bila mtandao. Sayansi na jiografia zote zilikuwamo kwenye simu yangu. Watoto walisoma kwa kupokezana, watatu watatu.

Kuna pia Ctrl na S, lakini hiyo mara nyingi inaleta vitu viwili, faili na folda yenye picha zake. Ukihamisha faili kwenye flashi ukaiacha folda, picha zinapotea. Ramani za maziwa makuu zilinipotea hivyo. PDF ni moja, haiachani na kitu.

Boda wa Jinja

Mimi natumia simu tu. Tovuti moja ya matokeo ya mpira iliniuliza niruhusu arifa, nikaruhusu. Kuanzia hapo kila dakika: simu yako ina virusi, umeshinda zawadi, bofya hapa. Nilikaribia kufuta data zote za simu. Jirani akaingia kwenye mipangilio ya Chrome, Arifa, akaizuia ile tovuti. Kimya. Virusi havikuwepo, ni tovuti tu niliyoipa ruhusa mwenyewe. Sasa tovuti ikiomba arifa jibu langu ni moja.

Mzee wa Bombo

Wanangu, macho yangu ni ya miaka 68. Ctrl na alama ya kujumlisha inakuza maandishi, Ctrl na sifuri inarudisha. Kwenye Firefox kuna kialama kama karatasi kando ya anwani, ukikibofya matangazo yote yanaondoka na habari inabaki peke yake, herufi kubwa. Mjukuu wangu alinibadilishia Chrome ikawa ya Kiswahili. Kiswahili nilikipata jeshini, na tangu Baraza la Mawaziri lilipokubali mwaka 2022 kiwe lugha rasmi naona si vibaya hata mashine zetu zikakisema. Nilipoona neno “Mipangilio” nilijua mara moja pa kubofya. Zamani nilikuwa namngoja mjukuu atoke shule.

Karani wa Malaba

Shikamoo mzee, na asanteni sana nyote. Fundi, nimefanya ulivyosema: Shift na Esc ikanionyesha tovuti moja ya habari inakula kuliko fomu zote za forodha pamoja. Nimeifunga, na akiba sijaifuta wiki nzima. Asubuhi mfumo unafunguka kabla sijamaliza kuvuta kiti. Zile tovuti 4 za kazi nimezibandika mwanzoni mwa mstari, bofya la kulia kisha Bandika, hazina tena alama ya kufungia, kwa hiyo la fomu halitajirudia.

Mama wa Duka, nina swali. Ukiwa kwenye dirisha la mgeni, mteja akitaka kuchapa, printa inaonekana kama kawaida?

Mama wa Duka, Kasese

Inaonekana, mwanangu, hakuna tofauti. Chapa kwanza, ndipo ufunge dirisha. Ngoja, kuna mtu na vyeti vyake hapa, narudi.