Amplifaya ya gitaa inawaka taa lakini haitoi sauti: naomba ushauri

Mleta mada
Wanajukwaa, habari za leo. Ninapigia kwaya yetu gitaa la solo hapa Tanga, na amplifaya yetu ni ya transista, ya wati 65, yenye spika moja ya inchi 12. Wiki iliyopita, katikati ya mazoezi, sauti ilianza kukatika na kurudi, kisha ikapotea kabisa. Taa ya mbele inawaka na hakuna harufu ya kuungua. Nimebadilisha waya na kujaribu gitaa jingine bila mafanikio, ila nikiweka sikio karibu na spika nasikia mvumo hafifu ambao haubadiliki hata nikipandisha sauti. Fundi mmoja, bila hata kuifungua, alisema transfoma imekufa, akataja bei inayozidi akiba yetu. Je, nimwamini?

Jibu la 1
Ndugu mleta mada, tafadhali msitoe fedha bado. Transfoma ya umeme ingekuwa imekufa, mvumo huo usingesikika. Ukiwapo, maana yake spika ni nzima na sehemu ya mwisho inayoisukuma inapata umeme, kwa hiyo inaelekea sauti inapotelea njiani kabla ya kufika huko. Tazama nyuma kama kuna matundu mawili yaliyoandikwa Send (sauti inapotokea) na Return (sauti inaporudia). Punguza sauti, chomeka gitaa moja kwa moja kwenye Return, kisha pandisha taratibu: ukisikia gitaa, hata kwa unyonge, nusu ya pili ya amplifaya iko salama. Halafu rudisha gitaa mbele na uunganishe Send na Return kwa waya mfupi. Sauti ikirudi, tatizo ni ule ulimi mdogo wa chuma ndani ya tundu la Return, ambao kazi yake ni kuunganisha njia ya sauti wakati tundu liko tupu. Kwa hewa ya chumvi ya pwani, ulimi huo hushika kutu mapema sana.

Jibu la 2
Nakubaliana na aliyetangulia. Naomba tu usiifungue mwenyewe, kwa sababu kapasita za ndani, yaani vifaa vinavyohifadhi umeme, huweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya wa umeme. Vilevile usipulize mafuta ya bawaba kwenye tundu la Return. Tumia dawa maalumu ya kusafishia vifaa vya umeme, amplifaya ikiwa imezimwa na kuchomolewa, kisha chomeka na kuchomoa pini mara nyingi ili ulimi usuguliwe.

Mleta mada
Ndugu zangu, nashukuru sana. Kwenye Return gitaa lilisikika, na nilipoweka waya mfupi sauti ilirudi yote. Nimesafisha kama mlivyoelekeza, lakini nikiutoa waya huo, baada ya nyimbo mbili sauti huanza tena kukatika. Je, kuuacha waya hapo kuna madhara?

Jibu la 1
Hakuna madhara, pigeni ibada nao. Mkipata nafasi, mwambieni fundi abadilishe tundu la Return peke yake. Kwa kuwa kwa kawaida limelehemiwa kwenye bodi, atalazimika kuitoa bodi nje, na hiyo ndiyo kazi mtakayomlipa, si transfoma.