Sarandi (sauti ya kukuzunguka pande zote) ya kweli au ya kuigiza? Tupeane uzoefu

Mpangaji_Tabata: Wakuu, habari za jioni. Jana nilikuwa kwa shemeji kuangalia mpira. Ana saundiba moja tu chini ya TV, lakini mashabiki wakishangilia unawasikia ubavuni. Nikageuka kutafuta spika, hakuna kitu. Mimi nina hom thieta ya spika tano na sabufa, nyaya zimepita chini ya zulia, za nyuma ziko juu ya kabati, na tangu niinunue sijawahi kugeuka. Nataka kuiuza nichukue kama ya shemeji. Mliotumia zote mbili, mwageni hapa.

Kibaraza: Usiuze. Nipe mimi.

Mama Wawili: Uza baba. Kwetu spika moja ya nyuma mtoto kaifanya stuli, ya pili waya umeliwa na panya tangu Ramadhani. Tunaishi na zilizobaki na hakuna aliyelalamika. Saundiba unapitisha kitambaa, vumbi limeisha.

Fundi Redio: Mkuu, kabla hujauza, umeiunganisha na TV kwa waya gani? Kama ni pini nyekundu na nyeupe, humo 5.1, yaani chaneli tano na ya sabufa, haipiti asilani. Zinapita chaneli mbili tu, kushoto na kulia, halafu mashine yako inazigawa kwa spika zote ilimradi kila moja ilie. Kwa hiyo wewe na shemeji wote mnasikiliza ya kuigiza, ila yake imeigizwa na kifaa kilichoundwa kwa kazi hiyo. Chomeka HDMI kwenye tundu lililoandikwa ARC, au ule waya mwembamba wenye taa nyekundu kwenye ncha. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV, toa PCM, weka Bitstream, ili chaneli zote zifike kwenye mashine. Na hizo spika zishuke kabatini! Zinakaa ubavuni, zikirudi nyuma kidogo, juu ya masikio kidogo tu.

Wati Elfu: Fundi unamchanganya mtu. Shida yake ni nguvu ndogo. Yangu ni wati 10,000, nikiwasha mabati yanaitikia.

Fundi Redio: Wati 10,000 za wapi? Plagi yako ina fyuzi ya ampea 13, umeme ni volti 230. Zidisha mwenyewe, haifiki hata 3,000. Hiyo ni PMPO, namba ya kupamba boksi. Tafuta palipoandikwa RMS, ndiyo nguvu halisi.

Wati Elfu: Njoo Mbagala usikie kwa masikio, hesabu waachie watoto wa shule.

Kibaraza: Mabati yanayoitikia ni yako au ya jirani?

Keja Ndogo: Niko Umoja, Nairobi. Keja ni chumba kimoja, kitanda kimeegemea ukuta. Spika za nyuma niweke kwa jirani? Nilienda Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki, nikachukua saundiba ya kurusha sauti ukutani. Sasa kulia kuna ukuta, kushoto kuna pazia la kuficha jikoni, na pazia linameza sauti yote. Sarandi ya sikio moja! Nikifungua pazia inakaa sawa, lakini wageni wanatazama masufuria.

Chizi Mpole: Mada hii imenirudisha mbali. Tulikuwa tumepanga Kimara, madirisha ya nondo. Wife kaenda msibani Korogwe, mimi nimebaki na hom thieta yangu mpya. Nikaweka muvi ya kutafsiriwa, ya wafungwa wanakata nondo watoroke. Sauti iko juu, taa nimezima. Mara nasikia nyuma yangu, upande wa kushoto: kwii, kwii, kwii. Msumeno kwenye chuma. Nikasema aisee, hela yangu haikupotea. Nikaongeza sauti! Wafungwa wakipumzika, ule wa nyuma unaendelea kidogo, nao unanyamaza. Nikajua ndiyo mwangwi wenyewe huo. Baadaye kidogo kitu kikalia ting, kama mfuniko umeanguka. Nikatabasamu gizani. Muvi imeisha, naenda jikoni kunywa maji. Mtungi wa gesi hakuna. Jiko hakuna. Simu niliyoiacha kwenye chaji hakuna. Nondo mbili zimekatwa na kukunjwa kwa nje, safi kabisa. Na ubwabwa wangu umeliwa nusu sufuria.

Kibaraza: WALIKULA?

Chizi Mpole: Na kijiko wakaacha humo humo.

Mama Wawili: Pole jamani, lakini nimecheka hadi mtoto kaamka. Mbona sabufa hawakuchukua?

Chizi Mpole: Walikuwa wanaihitaji iendelee kulia.

Wati Elfu: Chai hii. Mwizi gani anakata nondo na mwenye nyumba yuko macho?

Chizi Mpole: Mwenye akili. Yeye anakata, mimi nampigia ngoma.

Dada wa Pili: Turudi kwenye mada. Kama mtu anaangalia YouTube na bongo muvi, karibu zote ni stirio. Anunue spika mbili nzuri akalale. Sarandi ni kwa wenye Netflix, na hata huko utafute zile zenye alama ya 5.1.

Keja Ndogo: Ukweli mtupu.

Mpangaji_Tabata: Nimechungulia nyuma ya TV. Pini nyekundu na nyeupe 🙈

Fundi Redio: Nilijua. Chizi, nimerudi kwako. Umesema muvi ya kutafsiriwa? Ndugu yangu, ile sauti ya DJ inapigwa juu ya muvi nzima, inatoka stirio tena imebanwa. Haina chaneli ya nyuma. Ulipousikia msumeno kona ya nyuma kushoto peke yake, ulipaswa kunyanyuka na panga.

Chizi Mpole: Fundi, kwa nini hukuwa jirani yangu?

Wati Elfu: Kwa yangu huyo mwizi angekimbia.

Mama Wawili: Fundi, na huo waya wa taa nyekundu panya anautafuna?

Fundi Redio: Anautafuna.