Broila: mstari wa Eksel unasema kilo moja na nusu siku ya 36, nimuahidi mteja?

Banda_Kibaha:
Wakuu habari za jioni. Nina broila 200 na kila Jumamosi nadaka kumi, napima, napiga wastani. Wiki ya 1 gramu 160, ya 2 390, ya 3 740, ya 4 (juzi) 1160. Dogo yuko chuo kaziingiza kwenye Eksel akachora ule mstari unaopita katikati ya nukta, ikatoka uzito = 335 × wiki − 225. Nikipiga hapo kilo moja na nusu inaangukia siku ya 36. Sasa kuna mtu wa hoteli anataka 100, kila mmoja asipungue kilo moja na nusu akiwa hai, anataka tarehe. Dogo anasema R mraba (kipimo cha nukta zilivyoukaribia mstari, 1 ndiyo kamili) ni 0.98 kwa hiyo mstari uko safi. Halafu wiki ya 12 unasema karibu kilo 3.8 kwa kuku, nimeanza kuota gari.

Chaki_Vumbi:
Mkuu weka sifuri kwenye hiyo wiki uone. Kifaranga wa siku moja ana hasi gramu 225 😂 yaani ukimweka kwenye mizani inapaa. Wakati ukimtoa kwenye boksi ana kama gramu 40. Mstari wenyewe hauna kosa ila wewe unautoa nje ya wiki ulizopima, na wiki ya 12 ni hivyohivyo tu, ila huku umetoka upande wa pili.
Kingine, linganisha nukta na mstari. Wiki ya 1 mstari unasema 110 wewe umepata 160, uko juu. Ya 2 na ya 3 uko chini, ya 4 juu tena. Juu, chini, chini, juu, hapo ujue data imepinda na umelazimisha rula, na hiyo 0.98 haiwezi kukwambia. Kila wiki wanaongeza zaidi ya wiki iliyopita, 230, 350, 420. Chora kwa wiki tatu za mwisho tu, mimi napata kama 1530 wiki ya 5, ule wa kwanza unatoa 1450. Wiki moja mbele sio mbaya, miezi miwili mbele ni ramli.

finisha_bei_juu:
Wiki 12 ya broila?? Gari utalinunua la kubebea mifuko ya chakula. Huko mbele wanakula sana na kuongezeka kunapungua, hiyo mstari haina habari nayo.

MamaBanda:
Mimi hesabu sijui sana ila nakuuliza kaka, unawadakaje hao kumi? Maana mwenye haraka hudaka wale waliokaa tu, na wanaokaa ni wazito, wale wadogo wanakukimbia. Kwa hiyo wastani wako umenenepa kuliko banda lako. Chukua kipande cha hardibodi ziba kona moja, waliobaki ndani pima WOTE, hata kama ni arobaini, hata yule kilema. Na wastani kilo moja na nusu maana yake kama nusu yao hawajafika, sasa huyo wa hoteli kasema asipungue.

Banda_Kibaha:
Daah mama umenikamata, nadaka walio karibu na mlango kweli.

Banda_Kibaha:
Mrejesho wakuu. Leo siku ya 35, nimeziba kona wakabaki 38 nikapima wote, mikono imechubuka. Wastani 1510, lakini 17 hawajafika kilo moja na nusu, mmoja ana 1080 na ndiye mwenye kelele kuliko wote. Nimemwambia wa hoteli aje Jumatano na mizani yake, tutachambua mmojammoja mlangoni.