Samaki wa pwani wakigandishwa, na sisi wa Moshi tumo?

Mleta mada, Moshi

Wadau, shikamooni wakubwa. Nauza samaki wa kukaanga hapa Moshi, mwaka wa tisa huu. Deli langu linapakiwa Tanga jioni, linapita Segera, Korogwe na Same usiku, nalipokea alfajiri. Wiki iliyopita nimefungua kifuniko nikakuta barafu imekuwa maji ya uvuguvugu. Nikafunua shavu la kolekole: matamvua yamegeuka rangi ya majivu. Nimemwaga deli zima.

Na huko huko pwani kuna viwanda vyenye mashine za kugandisha, ila mzigo wake mwingi unaenda nje. Halafu kuna mradi wa bandari ya uvuvi Kilwa Masoko, ile aliyoiwekea jiwe la msingi Rais Samia mwaka 2023. Hoja yangu: kiwanda kipewe leseni kwa sharti kwamba sehemu ya mzigo iuzwe humu nchini ikiwa imegandishwa, kwa bei ileile ya mnunuzi wa nje. Siombi punguzo. Mnasemaje?

Mchangiaji, Arusha (kwetu Kilwa)

Pole kwa hasara, dada. Lakini sharti hilo atalibeba nani? Kwetu akina mama wanavua pweza. Maji yakitoka wakati wa bamvua wanaingia mwambani na mti mkononi, wanachokoa tundu kwa tundu. Wakala wa kiwanda anawasubiri ufukweni na mizani. Pweza asiyefika gramu 500 sheria hairuhusu. Bei ya Ulaya ndiyo inayolipa ada za watoto wao. Ukikibana kiwanda, kitaanza kumpunguzia yule mama. Halafu pweza mwenyewe mtamla? Mimi nimempika hapa Arusha, majirani hawakugusa.

Mleta mada

Asante kaka, kwa pweza umenishinda, aende. Nasemea wale tunaowala: changu, kolekole, jodari.

Ila hiyo bei ya Ulaya ndiyo inayonitia hofu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifungia samaki wa Ziwa Victoria baada ya taarifa kwamba kuna wanaovua kwa sumu. Viwanda vya sangara Mwanza vilikuwa vimemtegemea mteja huyo, na mlango ulipofungwa mvuvi aliumia, yuleyule unayemtetea. Hata ukiwa wazi, minofu inapanda ndege, wenyeji wanabakiwa na mapanki: kichwa na mgongo uliokwanguliwa nyama. Nimewahi kuyakaanga. Unageuza mara mbili tu, yameiva, maana hakuna cha kuiva. Inaniuma kufikiri Kilwa nayo itafika huko wakati sisi tuko tayari na hela mkononi, bei kamili.

Hebu niambie wewe wa kule: siku wakala asipokuja na mizani, wale akina mama wanamuuzia nani?