Wenye nyumba wa Kigoma, acheni kutusukumia wapangaji wabovu kwa sifa za uongo

Wakuu, salaam. Nimekaa na hili mwezi mzima nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa.

Nina nyumba ndogo Gungu, vyumba viwili na sebule, nimeijenga kwa kuungaunga miaka sita. Mwaka jana dalali akaniletea mpangaji, mtu mzima, mstaarabu ukimtazama, ananunua dagaa mwalo wa Kibirizi na kusafirisha Dar. Sikumpokea kienyeji. Nilichukua namba ya mwenye nyumba wake wa Katubuka, nikampigia mwenyewe. Mzee akanijibu bila kusita: "Mchukue tu mwanangu, kodi analipa hata kabla ya tarehe." Mzee wa watu, ana nyumba zake, ningemtilia shaka kwa lipi?

Jamaa alilipa miezi mitatu, 240,000. Baada ya hapo ikawa "mzigo umekwama, bosi, nivumilie". Nikavumilia miezi mitano, akahama usiku.

Chumba cha nyuma alikigeuza stoo. Dagaa wabichi walirundikwa pale pale sakafuni, plasta ya ukutani imevimba, ukiigusa inamomonyoka mkononi. Harufu haitoki hata kwa sabuni ya unga. Nikapanda darini nikakuta waya umeungwa kabla ya mita, kiungo kimeviringishwa kipande cha rambo. Umeme wa wizi, na mita ina jina langu! Faini nimelipa mimi.

Nilipokwenda serikali ya mtaa na mkataba, mwenyekiti alitazama namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, akaniuliza huyu mtu ana umri gani. Nikasema kama arobaini. Akaniwekea kidole: zile tarakimu nane za mwanzo, kati ya 20, ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Imeandikwa 2003. Namba si yake, na mimi niliinakili kwa mkono wangu bila kuiona kadi.

Hilo ni kosa langu, nalikubali. Lakini kilichonichoma ni cha Katubuka. Nimekwenda kule, mjumbe akaniambia waziwazi kwamba yule mzee alikuwa anamdai jamaa miezi saba, akamsamehe yote ilimradi aondoke. Yaani alijua! Alinisikia nikimuuliza, akaona njia ya kuutua mzigo wake kichwani kwangu, na "mwanangu" juu.

Mzee, kama unasoma au mwanao anasoma, ungesema tu "sina la kusema juu yake". Ningeelewa. Na wengine mnaofanya hivi mnajijua.

Sasa kuna mama anataka kuhamia, anakaa Mwanga. Nimeshamwambia aje na kadi yenyewe, si namba ya kuandikiwa kwenye karatasi. Jumamosi naenda mtaani kwake niongee na mjumbe, na yule wa duka anakokopa unga, na wapangaji wenzake wanaochangia umeme. Mwenye nyumba wake simpigii.