Naomba ushauri: sindano ya damu yangu mwenyewe kwa maumivu ya kiwiko

Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Niko Masasi, nabangua korosho kwa mashine ya mkono. Mwezi wa saba huu kiwiko cha kulia kinauma upande wa nje. Kukamua nguo siwezi, na juzi nilinyanyua birika la chai likaniponyoka, nusura limuunguze mwanangu.

Daktari aliniambia ni "kiwiko cha tenisi", ingawa tenisi sijawahi kucheza: ni kano zinazonyanyua kiganja zimechoka pale zinaposhika mfupa. Nilichomwa sindano ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu), nikapata nafuu wiki chache, maumivu yakarudi makali zaidi.

Sasa nimeshauriwa niende Dar kwa sindano ya PRP. Wanakutoa damu mkononi, wanaizungusha kwenye mashine ili chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikusanyike pamoja, kisha wanakuchoma nazo kwenye kiwiko. Utafiti wa Uholanzi wa 2010 uliisifu kuliko steroidi. Lakini uchambuzi wa 2021 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia tafiti za tiba, uliojumlisha tafiti 32, ulisema huenda haina faida ya maana. Hapo ndipo nachanganyikiwa, maana nauli na matibabu vitakula pesa yote ya msimu.

Aliyewahi kuchomwa, ulipona kweli au ni muda tu ulikuponya? Ulilipa kiasi gani? Na kama kuna mtaalamu wa mazoezi ya viungo Mtwara au Ndanda aliyekusaidia kwa kiwiko, naomba unielekeze, niko tayari kuanza huko kwanza.